Mtoto Mchanga Asitengwe na Kifua cha Mama

Mzazi anapojifungua, jambo la kwanza wanalolifanya watu wengi wenye nia njema ni kumwondolea mwanawe. Mtoto hukatwa kitovu, hufutwa, hupimwa uzito, hufungwa katika nguo tatu nne, kisha hulazwa mezani au hukabidhiwa bibi anayengoja mlangoni. Mama hubaki kitandani akiuliza ni wa kike au wa kiume, kana kwamba aliyezaa ni mwingine. Sisi twaona kwamba desturi hii, ijapokuwa imezoeleka, haifai kuendelea katika visiwa vyetu.

Wala hatujitoi katika lawama. Tulipompeleka binti wa ndugu yetu kujifungua katika hospitali moja ya hapa Visiwani, mtoto alitufikia ukumbini kabla mama yake hajamshika. Tulimpokea kwa furaha, tukapokezana watu watano, kila mmoja akitafuta amefanana na nani. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kwa nini miguu yake ilikuwa baridi.

Mtoto hutoka tumboni akiwa amerowa, na maji yanapokauka mwilini mwake huondoka na joto lake. Nchi yetu ni ya joto, kweli, lakini aliyetoka kuoga akasimama penye upepo anajua tunalolisema. Joto la mtoto mchanga lapasa kuwa kati ya digrii 36.5 na 37.5. Likishuka chini ya hapo hutumia nguvu zake chache kujipasha, hulegea, hushindwa kunyonya, na aliye mdogo sana huweza kupoteza maisha. Kinga yake haihitaji fedha nyingi: akaushwe vizuri, alazwe kifudifudi bila nguo juu ya kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja kwa kanga kavu, uso wa mtoto ukielekezwa upande na pua ikiwa wazi, na pawepo mtu wa kuwaangalia. Mizani ingoje. Akiachwa hapo kwa muda wa saa moja, mtoto mzima hulitafuta titi mwenyewe, akanyonya dang'a, yale maziwa ya mwanzo ambayo baadhi ya wazee wetu waliyakamua na kuyamwaga wakidhani ni machafu. Kunyonya huko humfaa mama naye, kwani hukaza mji wa uzazi. Shirika la Afya Duniani na UNICEF, waliporekebisha mwaka 2018 hatua kumi za kufanikisha unyonyeshaji, walilitia jambo hili ndani yake. Hata aliyepasuliwa, akiwa macho na hali yake ni njema, aweza kulazwa mwanawe kifuani. Wa kungoja ni yule tu ambaye yeye au mtoto wake anahitaji kuokolewa kwanza.

Lakini wanaotushughulisha zaidi ni watoto njiti. Mwaka 1978, katika hospitali moja ya uzazi mjini Bogotá, nchini Kolombia, Daktari Edgar Rey Sanabria alikabiliwa na upungufu wa zile mashine za joto ambazo watu wetu huziita chupa. Watoto walirundikwa pamoja katika mashine moja na kuambukizana maradhi. Yeye, na baadaye mwenzake Héctor Martínez, wakawafunga watoto hao vifuani pa mama zao, kama kangaruu anavyobeba mwanawe mfukoni. Lililoanza kwa sababu ya uhaba likaja kuonekana kuwa ni tiba.

Kwa miaka mingi madaktari walishikilia kwamba mtoto njiti kwanza atulie ndani ya mashine, ndipo apewe mama. Utafiti uliotangazwa mwaka 2021 uliivunja kauli hiyo. Ulifanywa katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto 3,211 waliozaliwa na uzito wa kuanzia kilo moja na wasiofika kilo 1.8. Miongoni mwa waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa walikufa 12 katika kila 100 ndani ya siku 28. Miongoni mwa waliongojeshwa walikufa karibu 16. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati, kwani haikuwa haki kuwangojesha wengine.

Wakuu wa serikali watakumbuka kwamba tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa bila umeme wa gridi kwa hitilafu ya waya wa chini ya bahari, na kwamba Pemba ilitegemea mashine za dizeli hadi waya wa kutoka Tanga ulipofika mwaka 2010. Hatusemi mashine za joto zisinunuliwe. Twasema zisinunuliwe mahali pa mama.

Yako pia yanayotuhusu wananchi. Baadhi yetu hutaka mtoto atolewe haraka ili aadhiniwe sikioni. Sisi tuliolelewa chuoni hatuwezi kuidharau adhana; lakini hatukupata kufundishwa kwamba haisikiki na mtoto aliye kifuani pa mama yake. Baba na ajongee, ainame, amwadhinie hapo hapo. Kizuizi ni kwamba wadi za wazazi hulaza wanawake wengi pamoja, na mwanamume hawezi kuingia bila kuwavunjia wengine sitara.

Basi twaiomba Wizara ya Afya ianze na mapazia baina ya vitanda, katika kila kituo kinachozalisha, Unguja na Pemba. Iongeze vitanda vya mama wa watoto njiti ndani ya vyumba vile vile wanamotibiwa watoto hao, na wakunga waelekezwe kuandika katika daftari, pamoja na uzito, saa ambayo mtoto aliwekwa kifuani na saa aliyoondolewa.