Ubao wa kadi waonyesha fedha ilikolala

KWA mchimbaji mdogo wa Mwakitolyo, Wilaya ya Shinyanga, jiwe lililotoka duarani bado si fedha. Lazima lisagwe kwenye karasha, lioshwe, dhahabu ikamatwe, ndipo marudio nayo yapate mnunuzi. Wakati viroba vinasubiri foleni, mama lishe anadai, vijana wa duara wanadai posho, na mwenye duara hana cha kuwapa.

Shida hiyo ya kazi nyingi zilizoanzwa na chache zilizomalizika iliwasumbua pia watu wa fani iliyo mbali kabisa na machimbo: watengenezaji wa programu huria za kompyuta. Njia waliyoitumia kuipunguza ni rahisi mno. Inahitaji ubao, chaki na ubishi kidogo.

Programu huria ni ile ambayo maandishi yanayoiendesha yako wazi, na yeyote anaruhusiwa kuyasoma, kuyatumia na kuyarekebisha. Inayojulikana zaidi ni Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Afrika Mashariki nayo imo. Mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uitwao OpenMRS ulianza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006. Ushahidi ilitengenezwa kwa siku chache mwanzoni mwa mwaka 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi nchini Kenya. Hapa Tanzania, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004.

Wengi wanaofanya kazi hizi wanajitolea. Mmoja yuko Nairobi, mwingine India, mwingine Marekani, na hakuna msimamizi wa kumkata mtu mshahara. Wasukuma wanaolima pamoja kwa ngoma ya bugobogobo hawahitaji daftari, kwa sababu kila mtu anauona mstari wa mwenzake na aliyebaki nyuma anajulikana. Watu wasioonana wanahitaji kitu cha kushika nafasi ya shamba hilo.

Kitu hicho kinaitwa kanban, neno la Kijapani lenye maana ya kibao au bango. Kilianzia kiwandani Toyota, ambako mhandisi Taiichi Ohno, katika miaka ya 1950, alitumia kadi kuzuia idara moja isitengeneze vipuri ambavyo idara inayofuata haijavihitaji. Alichukua wazo hilo kwa maduka makubwa ya Marekani, ambako rafu hujazwa upya pale tu mteja anapochukua bidhaa. Wazo likahamia kwenye programu miaka mingi baadaye, na mwaka 2010 David Anderson, aliyelijaribu kwanza Microsoft, alichapisha kitabu juu yake.

Ubao wenyewe una safu chache: kazi zinazongoja, zinazofanywa, zinazokaguliwa na zilizokwisha. Kila kazi ni kadi. Hakuna anayegawiwa, mtu huchagua kadi, huandika jina lake na kuisogeza. Kwenye OpenMRS zipo kadi ndogo zilizotengwa kwa wageni, ili anayeanza asibebeshwe mzigo wa mzoefu.

Wengi huishia hapo, wakajikuta na ubao mzuri na mrundikano uleule. Nguvu ya kanban iko kwenye namba inayoandikwa juu ya safu. Safu ya ukaguzi ikipewa namba 4, kadi ya tano haiingii, hata mwenye nayo akilalamika.

Kwa watu wa programu huria namba hiyo inauma mahali panapostahili. Kuandika kitu kipya kunapendeza, na jina linaonekana. Kukagua kazi ya mwingine kunachosha, na wanaojitokeza ni wachache. Kwa hiyo kazi hurundikana kwa wakaguzi kama viroba kwenye karasha. Safu yao ikijaa, aliye na mikono mitupu haruhusiwi kuanza jambo jipya. Anakwenda kusaidia kukagua.

Tuseme karasha moja linasaga viroba 20 kwa siku, na waliomo duarani wanatoa 30. Kila siku vinabaki 10. Zikipita siku 20, rundo limefika viroba 200, na kiroba kinacholetwa leo kitasagwa baada ya siku 10. Kuongeza wachimbaji, jambo ambalo wengi hulikimbilia, kunaongeza rundo tu. Karasha halisagi zaidi ya 20.

Kikundi hicho kikiweka kikomo cha viroba 60, kusubiri kunashuka hadi siku tatu. Dhahabu ya wiki haiongezeki hata punje. Kinachopungua ni gharama: magogo, mafuta na chakula kilicholiwa kutoa viroba 140 ambavyo bado vimelala nje. Na siku rundo linapogusa 60, wenye duara wanalazimika kuulizana wazi kama watafute karasha la pili au vijana wapumzishwe kuchimba.

Kikundi cha mpunga kitaona vivyo hivyo kwenye kukausha na kukoboa, na mwenye duka kwenye mzigo alioulipia ambao haujafika rafuni. Zipo programu huria za kuchora ubao huu kwenye kompyuta, kama Kanboard na Wekan, zisizolipiwa leseni. Kwa watu wanaokutana kila asubuhi, bao lililopakwa rangi nyeusi linatosha, na kwa wasiosoma alama ya rangi inatosha badala ya jina.

Ubao hauna maana iwapo haubadilishwi kila siku. Kadi iliyosahaulika kwenye safu ya kazi zinazofanywa inazuia nafasi ya mwingine, na kwenye machimbo hilo linaweza kuleta ugomvi. Ni busara kukubaliana mapema kwamba kadi isiyosogea kwa siku kadhaa inarudi mwanzo, jina likifutwa.

Panapokuwa pagumu zaidi ni kwa wakubwa. Mwenye leseni au mfadhili wa kikundi atataka mawe yake yaruke foleni, na mara nyingine ana sababu ya kweli. Watengenezaji wa programu wana hali kama hiyo wanapokuta hitilafu inayozuia hospitali kufanya kazi. Baadhi yao huchora njia ya pembeni ya dharura, yenye namba 1 juu yake. Kadi ya pili ya dharura inasubiri ya kwanza imalizike, hata kama ni ya mkubwa zaidi.