Je, Wajua? Wimbo wa Dakika Nane Uliopenya Redioni

Je, wajua kwamba bendi ya metali ya Dream Theater ilihangaika muda mrefu kutafuta mwimbaji kabla ya kurekodi albamu ya Images and Words? Albamu yao ya kwanza, ya 1989, haikununuliwa sana, na mwimbaji wao akaondolewa. Walijaribu watu wengi mno, hadi walipopokea kanda ya James LaBrie kutoka Kanada.

Images and Words ilitoka Julai 1992. Wimbo wake wa kwanza, Pull Me Under, unazidi dakika nane, urefu ambao redio huukimbia. Hata hivyo watangazaji wa Marekani waliupiga, MTV ikaonyesha video iliyofupishwa, na albamu ikapata hadhi ya dhahabu: nakala 500,000 Marekani pekee. Usikilize mpaka mwisho: magitaa yananguruma, sauti zinapanda, kisha kimya cha ghafla, kama kanda imekatwa kwa mkasi. Kwangu mimi, ndio mwisho bora kabisa wa wimbo wa metali.

Lakini mpiga ngoma wa bendi, Mike Portnoy, alibaki na kinyongo. Mtayarishaji wa albamu, David Prater, aliiwekea ngoma ndogo ya Portnoy mlio wa mashine, na kila kipigo kikatoka sawasawa na kilichotangulia.