Bei ya Ukurasa Mmoja

Daftari langu la kwanza la rangi za maji lilikaa kabatini miaka miwili likiwa na kurasa nne tu zilizoguswa. Lilikuwa zuri: jalada gumu, utepe wa kuwekea alama, karatasi nene iliyonukia upya. Kila nilipolifungua ufukweni Kigamboni, mkono ulisita. Niliogopa kuharibu ukurasa wa ghali, nikawa nachora kwenye karatasi za fotokopi na kuliacha lenyewe lisubiri siku nitakayokuwa nimeiva. Nilichelewa kutambua kwamba kurasa zile zilizobaki nyeupe ndizo zilizopaswa kuniivisha.

Tangu hapo nimeacha kuuliza daftari linauzwa bei gani. Nauliza ukurasa mmoja unanigharimu kiasi gani, na kama kwa bei hiyo nitathubutu kuuharibu.

Ninachozungumzia ni picha ndogo za mandhari, kuanzia ukubwa wa kadi ya posta hadi nusu ya A4, zinazomalizwa papo hapo kwa dakika ishirini au thelathini. Udogo huo una sababu. Huku kwetu karibu na ikweta jua likishaanza kuzama halikungoji, na ukubwa wowote zaidi ya huo utakukuta gizani huku anga bado haijapakwa. Hata James Augustus Grant, aliyeondoka Bagamoyo pamoja na John Hanning Speke mwaka 1860 na kufika Gondokoro mwaka 1863, alichora rangi za maji njiani. Msafara wa miguu wa miaka zaidi ya miwili hauna nafasi ya turubai.

Kwa hesabu zilizomo humu nimechukua dola moja kuwa shilingi 2,500 za Tanzania. Bei za vifaa vya nje ni makadirio ya bei za madukani Ulaya na Marekani, kabla ya usafiri na kodi.

Nianze na kinachopatikana kila steshenari: kaunta buku. Ni rahisi, ina jalada gumu, kurasa ni nyingi mno. Nimeijaribu kwa nia njema na siishauri kwa rangi za maji. Karatasi yake ni nyembamba na imetengenezwa kwa wino wa kalamu. Maji yakigusa tu inajikunja kama chapati iliyosahaulika juani, na ukirudia brashi mara ya pili sehemu ileile, nyuzi zinaanza kuchambuka. Rangi hupenya hadi ukurasa wa tatu. Kwa penseli na kalamu ya wino, kaunta buku ni rafiki mwaminifu. Mimi huitumia kupanga picha kabla ya kuipaka. Karatasi ya manila ni nene zaidi, lakini nayo inafyonza rangi na kuifubaza. Mtu anayejifunza juu ya karatasi kama hizi hujilaumu kwamba hana kipaji, kumbe anapigana na karatasi. Hili linaniuma, kwa sababu nimewaona vijana walioacha kabisa kwa ajili hiyo.

Uzito ndio namba ya kwanza kuitazama kwenye jalada. Karatasi ya fotokopi ina gramu 80 kwa mita ya mraba. Rangi za maji zinaanza kuvumilika kwenye gramu 200, na kwenye gramu 300 unaweza kulowesha anga zima bila ukurasa kuvimba sana. Namba ya pili haiandikwi kwa herufi kubwa: karatasi ni ya nyuzi za mti au ya pamba? Ya nyuzi za mti hukauka upesi na kuacha kingo kali pale ulipotaka wingu liyeyuke, ila ina wema wake, maana ukikosea unaweza kuifuta rangi kwa brashi yenye maji na ikatoka. Ya pamba hushika unyevu kwa muda mrefu, hupokea tabaka juu ya tabaka, na rangi hubaki inang'aa. Kwa bahari ya asubuhi, ambapo maji na anga vinaungana bila mstari, sijaona kinachoishinda pamba.

Sasa bei. Pedi ya A4 ya nyuzi za mti, gramu 300, karatasi 30, kama ile ya Canson XL, ni kama dola 14, yaani shilingi 35,000. Kata kila karatasi katikati upate vipande 60 vya A5. Ukipaka upande mmoja tu, kila picha imekula shilingi 583. Ukitumia pande zote mbili, inashuka chini ya shilingi 300. Daftari lililojalidiwa la A5 la Hahnemühle, gramu 200, lina kurasa 60 na huuzwa karibu dola 16. Hiyo ni shilingi 40,000, au 667 kwa ukurasa. Nalo si la pamba. Kwa maneno mengine, unapotoka kwenye pedi kwenda kwenye daftari hili, nyongeza yako imenunua jalada na mshono, na karatasi imepungua unene.

Sisemi jalada halina thamani. Anayechora amesimama kwenye kivuko cha Magogoni, au kwenye kiti cha daladala iliyokwama foleni, anahitaji kitu kigumu mkononi kinachofunguka na kufungwa kwa mkono mmoja. Kwake shilingi hizo zimetumika vizuri. Lakini anayekaa chini ya mwembe na ubao magotini analipia kitu asichokihitaji.

Njia ya tatu ndiyo niliyoifuata mwishowe, na ndiyo nitakayoieleza kwa kirefu, kwa sababu madukani hakuna atakayekuambia.

Karatasi nzuri za pamba huuzwa pia moja moja, zikiwa nzima, sentimita 56 kwa 76. Karatasi ya gramu 300 ya Arches, kiwanda cha Ufaransa kinachojitambulisha na mwaka 1492, ni takriban dola 9, shilingi 22,500. Kwa mtazamo wa kwanza bei hiyo inatisha: pesa zote hizo kwa karatasi moja! Ikate vipande vinane vya sentimita 14 kwa 38. Vikunje kila kimoja katikati. Umepata majani 16 ya sentimita 14 kwa 19, na kwa kuwa pamba inapokea rangi pande zote mbili, umepata kurasa 32. Usitumie mkasi. Kunja, pitisha mgongo wa kijiko juu ya mkunjo, geuza ukunje upande wa pili, halafu chana taratibu kwa kisu cha mezani kisicho kikali. Ukingo utatoka na manyoya laini yanayopendeza kuliko ya kiwandani.

Panga vipande viwili viwili, kimoja ndani ya kingine, upate vitita vinne. Peleka kwa fundi viatu. Ana msharasi, ana uzi uliopakwa nta, na mkono wake unajua kubana mshono. Wangu alinitoza shilingi 3,000, na jalada tulilitengeneza kwa kadibodi ya boksi tuliyoivika kipande cha kitenge. Jumla shilingi 25,500. Gawa kwa 32: karibu shilingi 800 kwa ukurasa wa pamba safi, shilingi 130 tu zaidi ya daftari la dukani la nyuzi za mti.

Tatizo ni kuipata karatasi yenyewe. Mzigo unaoagizwa kutoka nje hukutana na nauli, ushuru wa forodha na VAT, ambayo kwa kawaida ni asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya, na kwa mzigo mdogo nauli peke yake yaweza kuzidi bei ya bidhaa. Hapa ndipo ndugu walioko Muscat, London au Toronto wanapokuwa hazina. Karatasi moja nzima ina uzito wa gramu 128 tu, na kumi hazifiki kilo moja na nusu. Muombe binamu anayekuja likizo azikate vipande vinne vinne kabla ya kufunga sanduku: vipande vya sentimita 28 kwa 38 hulala chini ya nguo bila kukunjwa. Karatasi kumi ni kurasa 320. Mimi huzimaliza kwa mwaka mmoja na nusu, nami huchora karibu kila jioni isiyo na mvua.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye risiti, na wa pwani anaijua: unyevu. Karatasi ya rangi za maji hupewa gundi maalumu ili maji yasizame mara moja. Ikikaa miezi kwenye joto na unyevunyevu, gundi hiyo huoza. Haionekani kwa macho. Utaigundua unapopaka anga na kuona madoa meusi yanayonywa kama wino kwenye karatasi ya chooni. Nilipoteza pedi nzima kwa namna hiyo baada ya masika moja. Siku hizi natunza karatasi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Kwa hiyo, usinunue akiba ya miaka mitano kwa sababu tu umeipata kwa bei ya jumla. Wa Dodoma au Iringa hana shida hii, ila ana nyingine: hewa yake inakausha rangi kabla hajageuza brashi.

Unyevu unaamua hata rangi. Baadhi ya watengenezaji huchanganya asali ndani ya rangi ili isikauke kabisa na ilainike upesi. Uingereza au Arusha kwenye baridi, huo ni uzuri mtupu. Dar es Salaam mwezi wa Aprili, kisanduku changu cha rangi za asali kilikuwa kinanata na kutiririka begini wiki nzima, kikachafua kurasa kumi na moja zilizokwisha kupakwa. Soma lebo kabla ya kulipa.

Kisanduku cha wanafunzi chenye vidonge 12, mfano Cotman ya Winsor & Newton, ni kama dola 20, shilingi 50,000. Kila kidonge kina takriban mililita 2, jumla mililita 24. Tyubu tano za mililita 5 za daraja la wachoraji wenye uzoefu, kwa wastani wa dola 8 kila moja, ni shilingi 100,000 kwa mililita 25. Bei mara mbili kwa kiasi kilekile. Kwa picha za kutundika ukutani ningesema lipa, kwa sababu zile za bei ya chini huenda zikapauka kwa mwanga. Kwa daftari, ambalo hukaa limefungwa gizani, kupauka si hoja kubwa, na kisanduku cha wanafunzi kinatosha kwa mwaka wa kwanza na wa pili. Rangi za watoto za shilingi elfu chache ni jambo jingine: zimejaa chaki, na ukichanganya mbili unapata tope.

Ukiamua kununua tyubu, usifuate jina la rangi. Fuata msimbo mdogo nyuma yake, unaotaja kilichosagwa ndani. PB29 ni buluu ya altramarini, PBr7 ni udongo wa kahawia, PY43 ni udongo wa njano. Ukiona neno Hue, ujue ni mchanganyiko unaoiga rangi ya ghali zaidi, jambo ambalo si baya ilimradi ulijue. Watengenezaji hupanga bei kwa madaraja kulingana na malighafi, na hapa mandhari yetu imetubariki: rangi za udongo, zenye chuma ndani yake, huwa katika daraja la chini kabisa. Barabara nyekundu ya Lushoto na vichuguu vya Singida vinachoreka kwa tyubu za bei nafuu. Kinachopandisha gharama ni kobalti, ambayo sehemu kubwa duniani huchimbwa Kongo, upande wa Kolwezi, kisha inaturudia imefungwa kwenye tyubu kwa bei kubwa. Naiacha. Altramarini inatosha anga, na kwa maji ya kina kifupi ya Nungwi naongeza tone la PB15, buluu kali ambayo tyubu yake moja hudumu mno.

Brashi moja ya duara namba 8, ya nyuzi za plastiki, yenye ncha inayorudi ikiloweshwa, inatosha. Brashi za manyoya ya kolinski zinaweza kusubiri. Kwa paleti natumia sahani nyeupe ya bati, na kwa tyubu nilizozikamua, vizibo vya chupa za maji.

Kwa hiyo mwenye shilingi 100,000 leo, anayeanza, ningempeleka kwenye pedi ya gramu 300, kisanduku cha wanafunzi na brashi moja, na chenji ibaki kama nauli ya Bagamoyo. Aliyekwisha maliza pedi mbili za namna hiyo, na mkono wake umeacha kuogopa, ndiye aanze kuwaandikia ndugu ujumbe kuhusu karatasi za pamba. Daftari lenye jalada gumu na utepe nitampa yule wa kivukoni peke yake.

Lile la kwanza nililitoa kabatini mwezi uliopita. Kurasa 56 zilikuwa bado nyeupe, pembe zimeanza madoa ya ukungu. Nimeligawia mpwa wangu wa miaka tisa, nikamwambia achore ndani yake chochote, hata kwa mkaa. Wiki ya kwanza amemaliza kurasa kumi na nane, nyingi zikiwa za mbuyu uleule ulio nyuma ya nyumba yao.