Ndege wa Barabara ya Pwani: Kutoka Msitu wa Sokoke hadi Mlango wa Sabaki

Barabara itokayo Mombasa kwenda Malindi ina urefu wa kilomita zipatazo 120. Msafiri wa basi huimaliza kwa saa chache, na akiulizwa alichokiona njiani hutaja minazi, mashamba ya mkonge na daraja la Kilifi. Mtu mwenye darubini na daftari aweza kushinda siku nzima katika sehemu ya mwisho ya barabara hiyo, kuanzia msitu wa Arabuko-Sokoke hadi mto Sabaki ulio kaskazini kidogo ya Malindi, na bado asiimalize. Hapo huishi ndege wa namna mbili: wale wasio na makao mengine ila hapo na mahali pachache sana, na wale ambao makao yao yametawanyika katika nusu ya dunia. Siku moja yatosha kuwaona wote, mradi siku hiyo ichaguliwe kwa maarifa.

Kuchagua siku

Kabla ya kuondoka yapasa kuutazama mwezi. Mwezi uandamapo, na tena uwapo mpevu, jua na mwezi huivuta bahari katika mstari mmoja. Ndipo hutokea bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana, na tofauti baina ya kujaa na kupwa katika pwani hii huzidi meta 3. Kila mvuvi ajua kwamba siku za bamvua maji hupwa kabisa kiasi cha saa nne asubuhi, na kujaa kiasi cha saa kumi alasiri. Kila siku ipitayo, saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi, hata yakafika maji mafu.

Kwa hiyo siku ifaayo ni ya bamvua, katika miezi ya kaskazi, Desemba hadi Februari, wakati wageni kutoka kaskazini ya dunia wamekwisha kufika. Alfajiri ni ya msitu, adhuhuri ni ya hori ya Mida, na jioni ni ya mlango wa Sabaki.

Msituni: ndege wasio na kwingine

Msitu wa Arabuko-Sokoke una eneo la kilomita za mraba zipatazo 420. Ni mabaki makubwa ya misitu iliyotanda zamani katika pwani ya Afrika Mashariki. Jua lichomozapo, ndege wa aina mbalimbali huonekana wakisafiri pamoja katika vilele vya mirihi. Faida ya ushirika huo ni mbili: macho mengi humwona kipanga mapema, na mdudu amkimbiaye ndege mmoja huangukia mdomoni mwa mwingine.

Katika vichaka vya udongo mwekundu hukaa bundi mdogo wa Sokoke (Otus ireneae), ambaye urefu wake haufiki sentimeta 20. Wanasayansi walimtambua mara ya kwanza mwaka 1965. Baadaye alipatikana pia katika misitu ya chini ya milima ya Usambara, Tanzania. Mchana hujibanza tawini bila kujitikisa, na rangi yake, iwe ya kijivu, ya kahawia au ya wekundu wa kutu, humficha kati ya majani makavu.

Mwenyeji mwingine ni kwera wa Kilifi (Ploceus golandi). Ndege huyo amejulikana kwa sayansi tangu mwaka 1913, lakini kiota chake hakikupatikana hata ilipotimia miaka 100. Mwaka 2013 viota vyake vilionekana katika kinamasi cha msimu huko Dakatcha, kaskazini ya mto Sabaki. Jambo hilo lina funzo kubwa. Ndege alaye Sokoke aweza kuzalia mahali pengine, na kuulinda msitu peke yake hakutamfaa kitu iwapo kinamasi anachozalia kitalimwa.

Mida: sahani moja, midomo mingi

Kutoka msituni hadi hori ya Mida ni mwendo mfupi. Hori hiyo ina eneo la kilomita za mraba 32 hivi, imezungukwa na mikoko, na ni sehemu ya hifadhi ya bahari ya Watamu iliyoanzishwa mwaka 1968. Mtu afikapo saa tano huliona tope tupu lililoachwa na maji, na huenda akadhani ni ardhi isiyo na faida. Kwa kweli tope hilo limejaa minyoo, konokono, kaa na chaza wadogo, na maelfu ya ndege wametawanyika juu yake wakila.

Swali la kwanza ambalo mwanafunzi hujiuliza ni hili: ndege wengi namna hiyo walaje mahali pamoja bila kunyang'anyana? Jibu limo katika midomo yao. Vitwitwi wana mdomo mfupi na macho makubwa. Hukimbia, husimama ghafla, kisha hudonoa kile walichokiona juu ya tope. Chekeamwezi domo-kunjo (Calidris ferruginea) hawategemei macho. Huuzamisha mdomo wao mrefu tena na tena mfano wa sindano ya cherehani, na ncha ya mdomo huo ina mishipa ya fahamu iwezayo kumhisi mnyoo aliyejificha. Sululu (Numenius phaeopus) ana mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini, uingiao barabara katika shimo la kaa. Hivyo kila aina ina tabaka lake la tope na namna yake ya kuwinda. Chakula kilicho wazi kwa mmoja ni hazina iliyofungwa kwa mwingine.

Maji yaanzapo kujaa, eneo la kulia hupungua kila dakika, na ndege husogezwa kuelekea pwani. Hiyo ndiyo saa bora ya kuwahesabu. Tope limalizikapo hukusanyika juu ya fungu la mchanga au katika mikoko, wakasimama wote wakiuelekea upepo na kungoja maji yapwe tena.

Safari za mbali

Chekeamwezi domo-kunjo huzaliwa katika nyika za barafu za Siberia. Rasi ya Taimyr, iliyo mojawapo ya sehemu anazozalia, iko kama nyuzi 75 kaskazini ya ikweta, na Mida iko nyuzi 3 na zaidi kusini. Kwa kuwa kila nyuzi moja ya latitudo ni kilomita 111, safari yake ya kwenda tu haiwi chini ya kilomita 8,600. Msafiri huyo ana uzito wa gramu 55 hivi.

Nguvu za safari hutoka katika mafuta ya mwili. Gramu moja ya mafuta hutoa kilojuli zipatazo 38, ilhali gramu moja ya wanga au protini hutoa 17 tu. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuondoka mwezi wa Aprili au Mei, ndege huyo hula bila kuchoka hadi uzito wake ufikie gramu 80 au zaidi. Mafuta hayo yote hutoka topeni. Asiyeshiba Mida hafiki Siberia, au hufika amedhoofika asiweze kutaga.

Si wote watokao mbali vile. Ndege mla kaa (Dromas ardeola), mwenye rangi nyeupe na nyeusi na mdomo mnene mweusi, huzaa katika fukwe za Ghuba, Omani, bahari ya Shamu na Somalia. Huchimba shimo mchangani kama panya, akataga yai moja jeupe, na joto la mchanga humsaidia kuliatamia. Kisha hushuka hadi Mida, njia ile ile waliyopita mabaharia wa majahazi ya Omani kwa karne nyingi. Mara nyingi kinda huonekana akimfuata mzazi wake topeni na kumwomba chakula, ingawa amekwisha kuruka safari nzima kwa mbawa zake mwenyewe.

Mlango wa Sabaki

Saa kumi na moja jioni ni wakati wa mlango wa Sabaki. Mto huu huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi kwa jina la Athi, ukaitwa Galana baada ya kupokea maji ya Tsavo, na Sabaki ukaribiapo bahari. Maji yake ni mekundu kwa udongo uliochukuliwa kutoka mashamba ya bara. Udongo huo huo ambao ni hasara kwa mkulima, na ambao huyadhuru matumbawe ya Malindi, umejenga matope wanayolia heroe na sululu. Buabua huja makundi kwa makundi kulala juu ya mafungu ya mchanga. Arudiye hapo miezi ya kusi atakuta wageni wengine: viluwiluwi-mbayuwayu wa Madagaska (Glareola ocularis), wazaliao kisiwani humo na kuja pwani hii wakati ndege wa Siberia wamekwenda zao.

Deni la kila kituo

Mwaka 2024 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile lilimweka chekeamwezi domo-kunjo katika daraja la ndege walio hatarini. Ndege wa namna hii hawezi kuokolewa na nchi moja. Siberia ikihifadhiwa na Mida ikaharibiwa, amepotea. Na kinyume chake ni vivyo hivyo. Bundi wa Sokoke naye, msitu wake ukikatwa, hana pa kuhamia. Hata jambo dogo lina uzito: kila mara kundi lililopumzika wakati wa maji kujaa lifukuzwapo na mbwa, mashua au mtazamaji mwenye haraka, huchoma sehemu ya mafuta yaliyowekwa kwa safari.

Kazi kwa wanafunzi

1. Chagueni ufuko au kinamasi kilicho karibu na shule. Wahesabuni ndege wakati maji yanapopwa na yanapojaa, kisha mchore grafu.
2. Chekeamwezi ameongeza gramu 25 za mafuta. Ni kilojuli ngapi alizoweka akiba?
3. Ichoreni midomo ya ndege watatu mliowaona, na mwandike kila mmoja alikuwa akila nini na kwa namna gani.
4. Waulizeni wavuvi majina ya ndege wa pwani na miezi waonekanayo, na mlinganishe majibu yao na hesabu yenu.