Mashavu ya deksa si afya, kipusa

KWETU huku mitaani kukonda bado ni kesi. Utaulizwa kama unaumwa, kama kazi imekulemea, au kama mapenzi yamekuchapa. Ndiposa baadhi ya vijana, hasa vipusa, wakisikia kuna tembe ya bei ya chini inayojaza mashavu kwa wiki chache tu, wanaingia duka la dawa bila maswali mengi. Tembe yenyewe ni deksamethasoni, au ukipenda, deksa.

Tuelewane kwanza: deksa si sumu. Iko katika kundi la steroidi pamoja na prednisoloni, dawa zinazotuliza uvimbe na kupunguza makali ya kinga ya mwili. Mgonjwa wa lupasi, ambaye kinga yake inamshambulia mwenyewe, anazihitaji. Hata mwenye pumu iliyozidi anaweza kuokolewa nazo. Mwaka wa 2020, utafiti wa RECOVERY kule Uingereza ulionyesha kuwa miligramu 6 za deksa kwa siku, kwa muda usiozidi siku 10, zilipunguza vifo kwa karibu thuluthi moja miongoni mwa wagonjwa wa Covid-19 waliokuwa kwenye mashine za kupumua. Lakini wale ambao hawakuhitaji oksijeni hawakufaidika.

Sasa wewe mzima unaimeza ya nini?

Ni kweli deksa huleta njaa na utakula kama mtu aliyetoka jela. Ila mafuta hujazana usoni, nyuma ya shingo na tumboni, huku mikono na miguu ikikonda kwa sababu misuli inaisha. Ile shepu unayoisubiri haimo. Ongeza chunusi, michirizi ya ngozi, presha, sukari kupanda na mifupa kuwa dhaifu.

Kinga nayo inalala. Kifua kikuu kilichokuwa kimejificha mwilini kinaweza kuamka. Mbaya zaidi, dawa hii inaweza kuficha homa na uvimbe, kwa hivyo unaweza kuwa na maambukizi makali na usijue mapema.

Kuna jambo lingine ambalo muuzaji huenda asikwambie. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotengeneza kortisoli, homoni inayousaidia mwili kuhimili ugonjwa, ajali na msongo. Ukimeza deksa kila siku, ubongo unaona kazi hiyo imeshafanywa, na tezi zinaacha kujituma. Baada ya wiki kadhaa zinakuwa zimezembea kabisa. Ukiacha tembe ghafla, unabaki bila kortisoli ya kutosha: unachoka ajabu, unatapika, presha inashuka, unazirai. Watu hufa hivyo.

Kwa hivyo, kama umeitumia kwa zaidi ya wiki tatu hivi, usiitupe leo kwa hasira. Nenda hospitalini, beba pakiti, sema ukweli bila haya. Daktari atakupunguzia dozi polepole. Ukipata ajali au ukitakiwa kufanyiwa upasuaji, waambie pia kwamba umekuwa ukitumia steroidi. Nawe uliyeandikiwa na daktari, endelea na dozi yako. Makala haya hayakuambii uache.

Jihadhari pia na tembe za "kunenepesha" zinazouzwa kwenye karatasi bila jina. Kama hujui kilichomo, daktari naye atakisia tu ukizidiwa.

Na ikiwa unakonda bila sababu, pima kifua kikuu, sukari, HIV na tezi ya shingoni kwanza. Ukipatikana u mzima, basi ni mayai, maharagwe, njugu karanga, parachichi na mazoezi ya kujenga misuli. Itachukua miezi, lakini huo mwili utakuwa wako kweli.