Geini Si Sauti: Namna ya Kurekebisha Kikuza Sauti cha Gari

Katika matatu za Nairobi muziki ni sehemu ya biashara. Gari lenye besi nzito huvutia vijana, na mwenye gari huona fahari. Lakini si ajabu baada ya miezi michache spika zikaanza kukoroma, kisha zikanyamaza kabisa. Lawama huangukia spika kuwa ni dhaifu, ilhali mara nyingi kosa limo katika kirekebishi kidogo cha kikuza sauti ambacho mafundi hukiita geini.

Watu wengi hudhani kwamba geini ni ya kuongezea sauti. Sivyo. Redio ya gari hupeleka kwenye kikuza sauti umeme hafifu wa volti chache tu. Kazi ya geini ni kukilinganisha kikuza sauti na umeme huo, ili redio ikaribiapo kilele chake, kikuza sauti nacho kifikie kikomo cha nguvu zake.

Je, kikomo hicho kikipitwa hutokea nini? Sauti hupita katika waya kwa umbo la mawimbi ya umeme yenye vilele vya mviringo. Kwa kuwa kikuza sauti hakiwezi kutoa volti kisizokuwa nazo, vilele hivyo hukatwa na kuwa bapa. Wimbi lililokatwa hadi kuwa la mraba hubeba nguvu mara 2 ya wimbi laini lenye kimo kile kile. Ziada hiyo hugeuka joto katika koili ya spika, na hatimaye waya huungua.

Besi nayo ina gharama yake. Sikio la mwanadamu hupokea sauti nene kwa uhafifu kuliko zile za kati, jambo ambalo Fletcher na Munson walilipima nchini Marekani na kulitangaza mwaka 1933. Kwa sababu hiyo dereva hushawishika kuongeza besi. Lakini desibeli 3 zaidi hudai nguvu mara 2, na desibeli 6 mara 4. Kikuza sauti cha wati 100 hapo kitadaiwa wati 400.

Njia ya kupima ni rahisi. Kwanza spika zifunguliwe, injini iwashwe, na virekebishi vya besi virudishwe sifuri. Redio icheze mlio wa majaribio wa hezi 50, sauti yake ikiwa robo tatu. Kisha mita ya umeme wa mkondo geu iunganishwe penye matokeo ya kikuza sauti. Volti zinazotakiwa ni kipeuo cha pili cha wati zikizidishwa kwa omu: wati 100 kwa spika ya omu 4 ni volti 20. Geini ipandishwe polepole hadi hapo, isizidi. Anayetaka besi zaidi aiongeze kwanza, ndipo ashushe geini hadi mita irudi kwenye volti 20.

Hata hivyo, spika iliyoungua hununuliwa nyingine. Sikio halina duka. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki penye desibeli 80, na penye desibeli 90 saa 4 tu. Abiria hushuka kituoni, lakini dereva na utingo hubaki na muziki huo kutwa nzima.