Simu Mbili, Shule Moja: Nani Ameandika Mwisho?

Msomaji wa Kibondo, mkoani Kigoma, ameuliza swali ambalo wahandisi wa programu wanalihangaikia kwa zaidi ya miaka arobaini. Yeye na wenzake wa Kasulu wana kikundi kinachoshona sodo za kufua na kuzipeleka mashuleni, na kumbukumbu za shule zote wanazitunza kwenye jukwaa moja la mtandaoni. Mtandao ukikatika, kila mmoja huendelea kuandika kwenye simu yake. Mwenzake wa Kasulu alikosea, akaandika kwamba shule fulani ina wasichana 46. Yeye akaona, akasahihisha: 64. Kesho yake jukwaa lilikuwa limerudisha 46, mzigo ukaondoka hivyohivyo, na wasichana 18 wakakosa. Anauliza: jukwaa linajuaje nani ameandika mwisho?

Twende kwenye swali lenyewe, maana ni tamu.

Jibu la harakaharaka ni kuangalia saa ya simu, na ndilo lililowaponza. Simu iliyoishiwa chaji kabisa inaweza kuwaka ikidhani ni mwaka 1970. Nyingine mwenyewe kaiseti ifuate saa za Kiswahili: anaandika saa moja asubuhi, jukwaa linasoma saa saba usiku. Ukipanga kazi ya watu kwa saa za namna hiyo, sahihisho la leo litahesabiwa kuwa la zamani na kutupwa, na hakuna atakayejua.

Mwaka 1978 Mmarekani Leslie Lamport alichapisha makala iliyoiweka pembeni saa ya ukutani. Wazo lilimjia kwa sababu aliifahamu nadharia ya Einstein ya uhusianifu: watazamaji wawili wanaweza kubishana tukio lipi lilitangulia, lakini hawabishani pale ambapo tukio moja lingeweza kusababisha jingine. Basi Lamport akaacha kuuliza “saa ngapi?” akauliza “nani alikuwa ameshaona nini?”

Fikiria masjala mbili za serikali, moja Kasulu na nyingine Kibondo, ambazo hazina kalenda wala saa. Kila moja ina kihesabio chake. Kila inapoandika barua, inaongeza moja na kuigonga barua namba hiyo. Barua ya mwenzake ikiingia, karani analinganisha namba mbili, ya kwake na ya barua; anachukua iliyo kubwa, anaongeza moja, na kuanzia hapo ndiyo namba yake mpya. Hakuna zaidi ya hapo. Lakini tazama kinachotokea: majibu yoyote yatakayoandikwa baada ya kuisoma barua ile hayawezi kubeba namba ndogo kuliko yake. “Rejea barua yako” imeingia ndani ya hesabu yenyewe. Ongeza masjala ya Uvinza, ya Kakonko, hata mia moja, mpangilio hauvunjiki, na hakuna makao makuu yanayotoa namba. Zikigongana namba mbili, mnakubaliana mapema jina la masjala gani litangulie.

Sasa rudi kwenye simu zetu. Ya Kasulu imefika 7. Inaandika “46” na kuipa namba 8. Ya Kibondo iko kwenye 3. Inapokea 8, inaruka hadi 9. Dada wa Kibondo anaandika “64”, namba 10. Hata kama simu yake inaamini ni mwaka 1970, kumi ni kubwa kuliko nane, na sahihisho linasimama.

Mbinu hii wengi huiita saa ya mantiki. Mimi naona tuiite saa ya visa, kwa kuwa kisa kwetu ni tukio na ni sababu kwa pamoja, na hiyo ndiyo kazi yake hasa.

Ila ina mpaka wake: namba ndogo peke yake haithibitishi kwamba tukio lilisababisha jingine. Kwa hilo zipo saa za vekta, ambazo hubeba kihesabio cha kila mmoja badala ya kimoja tu, zilizoelezwa mwaka 1988.

Ndugu wa wazo hili wapo kazini tayari. Wahudumu wa afya ya jamii nchini Kenya na Uganda hutumia kwenye simu zana huria za Community Health Toolkit, zilizojengwa juu ya hifadhidata ya CouchDB. Humo kila kumbukumbu hubeba hesabu ya mara ilizohaririwa. Matoleo mawili yakipingana, kila kifaa humchagua mshindi yuleyule bila kuulizana, na aliyeshindwa hafutwi; anabaki akingoja mtu amwangalie.

Hapo ndipo nawasihi wanaobuni majukwaa ya vikundi kama hiki. Watu wawili wakiandika bila mmoja kuona kazi ya mwenzake, hesabu haiwezi kujua nani ameenda shuleni kuhesabu. Yaonyesheni matoleo yote mawili, pamoja na jina la aliyeandika kila moja, ili wenyewe wapigiane simu. Nawe msomaji wa Kibondo, muulize fundi wenu jambo moja: jukwaa linapanga kwa saa ya simu, au kwa nani ameshaona nini? Akijibu kwa saa, mwambie abadilishe kabla ya mzigo wa muhula ujao.